Waungwana Waliouzwa: Bonde la Kilombero katika Mizani ya Fiqhi

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu (s.w.), aliyewaumba watu wote kutokana na mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, akawajaalia mataifa na makabila ili wajuane. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, kuna swali ambalo maimamu wengi wa mwambao, na hata wa miji ya bara, wamewahi kuletewa wakati wa posa. Kijana ni mcha Mungu, anasali jamaa, ana kazi ya halali. Wazee wa binti wanakubali yote hayo, kisha mmoja anainamisha kichwa na kusema: "Lakini babu yake aliletwa." Neno moja, *aliletwa*, na posa inavunjika. Anayesema hivyo hudhani kwamba anafuata sharti la kafaa lililomo katika vitabu vya madhehebu yetu ya Shafi. Katika makala haya tutaonesha kwamba hafuati fiqhi. Anachofuata ni daftari la biashara ya watumwa.

Ili tulielewe jambo hili vizuri, hatutazungumza juu ya utumwa kwa ujumla, kwani maneno ya jumla huwa mepesi kupita masikioni. Tutachukua sehemu moja ya nchi yetu, bonde la mto Kilombero na mji wake wa Ifakara, tutazame watu wake walipatwa na nini kuanzia zama za misafara hadi zama za wakoloni, kisha tuyapime yote kwa hukumu za fiqhi.

Bonde na watu wake

Bonde la Kilombero limelala kati ya milima ya Udzungwa upande wa kaskazini-magharibi na nyanda za juu za Mahenge upande wa kusini-mashariki. Wakati wa masika mto hufurika, na tambarare yote hugeuka kuwa ziwa la majani na maji. Maji hayo hukutana na mto Luwegu, na kutoka hapo mto huitwa Rufiji hadi baharini.

Wandamba ndio wanaojulikana zaidi kwa maisha ya mto huo: kuvua samaki, kulima mpunga katika ardhi iliyorutubishwa na mafuriko, na kuchonga mitumbwi kutokana na magogo ya miti mikubwa. Wapogoro wanakaa zaidi upande wa Mahenge. Wabena wa bondeni walikuwa chini ya watema wao. Na katika nusu ya pili ya karne ya 19 waliingia Wambunga, jeshi lililotokana na misukosuko ya Wangoni, wakashika sehemu za Ifakara na kandokando yake.

Watu hawa walikuwa na vijiji, mashamba, ndoa, koo na wazee wa kuamua kesi. Kwa lugha ya Kiswahili cha zamani, mtu mwenye ukoo na nyumba yake asiyemilikiwa na mwingine aliitwa *muungwana*. Neno hilo watu wa pwani walilihifadhi kwa ajili yao wenyewe, na watu wa bara wakawaita kwa majina mengine. Lakini neno *hurri* katika fiqhi, ambalo ndilo muungwana kwa Kiswahili, halina mipaka ya pwani na bara.

Njia ya Kilwa

Katika karne ya 19 bandari kubwa ya kusafirishia watumwa katika mwambao wetu ilikuwa Kilwa Kivinje. Misafara ilitoka huko ikaenda hadi Ziwa Nyasa, na nchi zote zilizokuwa katikati zikaingia ndani ya mdomo wake. Hesabu za forodha zilizowasilishwa mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza mwaka 1871 zilionesha kwamba kati ya mwaka 1862 na 1867 zaidi ya watu 97,000 walitolewa kupitia Kilwa, wengi wao wakipelekwa Unguja. Hao ni waliolipiwa ushuru tu. Waliokufa njiani, na waliopitishwa kwa siri, hawamo.

Kwa nini watu wengi kiasi hicho? Sababu ni soko. Mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yalihitaji mikono, na vilevile mashamba ya nafaka ya Malindi na ya minazi huko pwani. Meno ya tembo yalitakiwa Ulaya, Marekani na Bara Hindi, na baruti na nguo zikaingia bara kwa mabadilishano. Silaha zilipoingia, mwenye bunduki akawa na nguvu juu ya jirani asiye nayo. Wambunga walishambulia majirani, Wahehe wakashambulia kutoka milimani, na mateka wakawa sarafu. Palipokuwa na njaa, mtu aliweka rehani mtoto wa nduguye kwa vibaba vya nafaka, na mtoto huyo asipokombolewa akaingia katika msafara.

Tarehe 5 Juni 1873 Sayyid Barghash alitia sahihi mkataba na Waingereza wa kuzuia kusafirisha watumwa kwa bahari, na soko la Unguja likafungwa. Biashara haikufa, ilihamia nchi kavu. Afisa wa Kiingereza, Frederic Elton, aliyepita njia ya pwani mwishoni mwa mwaka huo, alihesabu zaidi ya watumwa 4,000 wakipelekwa kaskazini katika muda wa mwezi mmoja. Ndiyo maana mwaka 1876 Sultani alilazimika kutoa matangazo mengine ya kupiga marufuku misafara hiyo ya nchi kavu.

Ndugu msomaji, tusijifiche. Wengi katika wenye misafara na wenye mashamba walikuwa Waislamu waliosali na kufunga. Waliowauza kwao walikuwa watu wa bara wenyewe, na waliofaidika mwisho wa mnyororo walikuwa watu wa dini na mabara mbalimbali. Hakuna kundi linaloweza kunawa mikono kwa kumnyooshea kidole mwenzake. Lakini sisi tutaulizwa kwa sheria tuliyopewa sisi. Basi tuitazame sheria hiyo.

Asili ya mwanadamu ni uungwana

Kanuni ya kwanza iliyokubaliwa na mafakihi ni kwamba asili ya mwanadamu ni uhuru. Utumwa ni jambo la kuzuka, na anayedai limezuka ndiye mwenye wajibu wa kuleta ushahidi. Ushahidi wa wazi wa kanuni hii uko katika mlango wa *laqiti*, yaani mtoto aliyeokotwa. Mtoto mchanga akiokotwa njiani, hajulikani mama wala baba wala kabila, mafakihi wanasema huyo ni muungwana mpaka ithibitike vinginevyo. Basi ikiwa asiyejulikana kabisa anahukumiwa kuwa huru, vipi yule ambaye kijiji chake kinajulikana, mama yake anajulikana, na nyumba aliyochukuliwa bado inafuka moshi?

Kanuni ya pili ni kwamba kumuuza muungwana ni batili na ni katika madhambi makubwa. Imam al-Bukhari amepokea kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.) hadithi qudsi ambayo maana yake ni kuwa Mwenyezi Mungu (s.w.) atakuwa mgomvi wa watu watatu Siku ya Kiyama: mtu aliyetoa ahadi kwa jina Lake kisha akaivunja, mtu aliyemuuza muungwana akala thamani yake, na mtu aliyemwajiri mfanyakazi akapata kwake kazi kamili kisha asimpe ujira wake. Msomaji aishike hadithi hii, kwani tutaihitaji tena mbele.

Kanuni ya tatu ni juu ya njia. Mafakihi waliokubali kumilikiwa kwa mateka walilifungia jambo hilo katika vita halali iliyotangazwa na kiongozi wa Waislamu, baada ya kulingania, na wakampa kiongozi huyo peke yake mamlaka ya kuamua juu ya mateka. Nayo Qur'ani katika Sura Muhammad aya ya 4 imetaja mambo mawili: kuwaacha kwa hisani au kupokea fidia. Sasa tuulize: ni imamu yupi aliyetangaza jihadi dhidi ya wavuvi wa Kilombero? Ni nani aliyewalingania Wapogoro kabla ya kuwafunga minyororo? Uvamizi wa usiku, utekaji wa watoto mashambani na kuweka watu rehani wakati wa njaa, hakuna hata kimoja kinachoingia katika mlango huo. Muungwana hawi rehani, kwa sababu kisichouzika hakiwekwi rehani.

Wala si jambo jipya kwa msomaji wa Qur'ani. Nabii Yusuf (a.s.) alikuwa muungwana, akaokotwa na msafara, akauzwa kwa thamani duni. Kuuzwa kwake hakukumfanya mtumwa mbele ya Mwenyezi Mungu. Zayd bin Haritha (r.a.) alikuwa mtoto huru wa Banu Kalb, akatekwa na wavamizi na kuuzwa katika soko la Ukaz. Salman al-Farisi (r.a.) alisalitiwa na watu aliosafiri nao, wakamuuza naye akiwa huru. Watoto wa Kilombero walipita njia ile ile ya Yusuf.

Hoja ya mnunuzi

Mtu atasema: mnunuzi wa Unguja hakwenda bara. Alimkuta mtoto mkononi mwa muuzaji, na mafakihi wamesema mkono ni dalili ya milki. Hii ni hoja ya kweli na inafaa ijibiwe kwa adabu.

Katika madhehebu ya Shafi mtu mzima akidaiwa kuwa mtumwa, naye akasema, "Mimi ni huru wa asili", kauli yake ndiyo inayosikilizwa, na mdai huambiwa alete ushahidi. Ama mtoto mdogo aliye mkononi mwa mtu anayedai kummiliki, huhukumiwa kwa dhahiri ya mkono. Hapa ndipo palipokuwa na ufa, na wafanyabiashara waliupenya, kwani mtoto hana ulimi wa kujitetea wala hajui lugha ya kadhi.

Lakini hukumu ya dhahiri ni kwa jambo lisilojulikana. Ikishajulikana kwamba bidhaa za soko fulani zimeibwa, hakuna anayeweza kununua humo kisha akasema mkono ni dalili. Na pwani nzima ilijua misafara inavyopata watu. Zaidi ya miaka 250 kabla ya mkataba wa Barghash, mwaka 1024 Hijria (1615 Miladia), mwanachuoni mkubwa wa Timbuktu, Ahmad Baba, aliulizwa swali kama hili na watu wa Tuat, katika jangwa la Sahara, kuhusu watumwa waliokuwa wakiletwa kutoka nchi za Sudani. Yeye alikubali utumwa wa mateka wa vita halali, kama wanazuoni wa zama zake. Lakini alikataa kabisa kwamba rangi ya mtu ni sababu ya kumilikiwa, na akaeleza kuwa mtu aliyetekwa kutoka kwa Waislamu huru hawezi kumilikiwa hata akipita mikono mia. Yaani mnunuzi ana wajibu wa kuuliza asili.

Kwa hiyo natija ni moja. Aliyechukuliwa Kilombero kwa uvamizi, wizi au rehani hakuwahi kuwa mtumwa kisheria hata siku moja. Alikuwa muungwana aliyeporwa. Na natija hii ina matawi makubwa, kama tutakavyoona.

Sheria za wakoloni: nani alilipwa?

Wengi hufundishwa kwamba wakoloni walikuja na uhuru. Tutazame tarehe. Unguja, chini ya ulinzi wa Waingereza, dikrii ya Sultani Hamoud bin Muhammed ya tarehe 6 Aprili 1897 iliondoa hadhi ya kisheria ya utumwa. Lakini mtumwa alitakiwa aende mwenyewe kuomba uhuru wake, masuria waliachwa nje mpaka mwaka 1909, na fidia alipewa mmiliki. Aliyeporwa hakupewa kitu.

Bara, Wajerumani hawakuufuta utumwa kabisa. Waliruhusu mtumwa ajikomboe kwa fedha yake, walitoa hati za uhuru kwa makumi ya maelfu ya watu, na kwa amri ya mwaka 1904 wakatangaza kuwa watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 watakuwa huru. Lakini waliokuwa watumwa walibaki hivyo mpaka Waingereza walipotoa sheria ya mwaka 1922 ya kufuta utumwa Tanganyika. Yaani mzee aliyetekwa bondeni akiwa mtoto katika miaka ya 1870 angeweza kufika umri wa miaka 50 kabla sheria ya serikali haijamtambua kuwa huru.

Hili halikuwa letu peke yetu. Ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, katika pwani ya Karibi, Waingereza walikuwa na koloni la magogo lililoitwa Honduras ya Waingereza, ambalo leo ni nchi ya Belize. Watumwa kutoka Afrika waliingizwa misituni kukata miti ya rangi ya nguo na baadaye miti ya mahogani, ambayo ni jamaa ya mkangazi wetu. Utumwa ulipofutwa katika makoloni hayo mwaka 1834, Bunge la Uingereza lilitenga pauni milioni 20 kuwalipa mabwana, na waliokuwa watumwa wakafungwa tena katika kazi ya "uanafunzi" mpaka mwaka 1838. Baada ya hapo wakata magogo walipewa mshahara wa mbele, wakautumia kabla ya kuingia msituni, kisha wakanunua mahitaji kwa mkopo katika duka la tajiri yule yule. Msimu ulipokwisha walikuwa wanadaiwa. Mnyororo wa chuma ulikatwa na mnyororo wa deni ukafungwa mahali pake.

Sasa tuiweke fiqhi mbele ya fidia hizo. Mafakihi wa Shafi wanasema kwamba mtu akimlazimisha muungwana kufanya kazi, analazimika kumlipa *ujratul-mithli*, yaani ujira wa kazi kama ile. Basi deni lilikuwa juu ya mmiliki, na mwenye haki alikuwa mtu aliyelimishwa karafuu au kukatishwa magogo. Serikali zile zililipa mwizi na kumwacha aliyeibiwa.

Kutoka kuuzwa hadi kufanyishwa kazi

Turudi Kilombero. Wajerumani waliponunua haki za Sultani katika mwambao mwaka 1890 na kupanda bara, walijenga ngome yao Mahenge. Mwaka 1897 walitoa amri ya kodi ya nyumba, kwa kawaida rupia 3, na asiyekuwa na fedha alilipa kwa jasho lake. Wanaume wakabebeshwa mizigo, wakachimba barabara, wakaingia porini kugema mpira wa mwituni uliotakiwa Ulaya. Katika nchi za kusini na pwani, kuanzia mwaka 1902, watu walilazimishwa kulima mashamba ya pamba chini ya majumbe na maakida, kwa malipo ambayo wengine waliyakataa kwa udogo wake.

Katika miezi ya Julai na Agosti 1905 vita vya Maji Maji viliwaka kuanzia vilima vya Matumbi, na tarehe 30 Agosti maelfu ya wapiganaji wa Wambunga na Wapogoro waliishambulia ngome ya Mahenge. Walikutana na bombomu. Wajerumani walijibu kwa kuchoma maghala na mashamba, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Wanahistoria wa Tanzania wamekadiria kwamba katika nchi zote za vita hivyo walikufa watu kati ya 250,000 na 300,000.

Haikupita miaka 10 ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Mahenge ikawa kituo kikubwa cha jeshi la Wajerumani mpaka Wabelgiji walipoitwaa tarehe 9 Oktoba 1917. Majeshi yote yaliyopigana katika nchi hii yalibebwa vichwani na mabegani mwa wapagazi. Jina la Kariakoo, mtaa wa Dar es Salaam, limetokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza. Walikufa kwa maelfu kwa kuhara, njaa na homa. Na hapa, ndugu imamu, ndipo jambo linapotuhusu hasa: vita vilipokwisha, mishahara ya maelfu ya wapagazi waliokufa haikuwafikia warithi wao.

Katika fiqhi, ujira ambao marehemu hakuwahi kuupokea ni sehemu ya tirka yake. Ni mali ya mjane kwa fungu lake, ya mama kwa fungu lake na ya watoto kwa mafungu yao. Dola iliyoshikilia mishahara hiyo ilikula mirathi ya mayatima. Sasa kumbuka ile hadithi qudsi. Watu wa bonde hili katika muda wa umri wa mtu mmoja waliwaona wagomvi wawili wa Mwenyezi Mungu kwa mfuatano: kwanza aliyemuuza muungwana, kisha aliyemfanyisha kazi asimpe ujira wake. Mwenye kumlaani wa pili huku akimtetea wa kwanza kwa sababu walishirikiana dini, au kumlaani wa kwanza na kumsifu wa pili kwa sababu alileta shule na reli, hajaisoma hadithi mpaka mwisho.

Mafunzo kwa zama zetu

Tukifahamu kuwa waliotekwa walikuwa waungwana, yafuatayo yanafuata.

Kwanza, ni juu ya kafaa. Ni kweli kwamba mafakihi wetu wametaja uhuru na nasaba katika kafaa. Lakini kizazi cha muungwana aliyeporwa ni kizazi cha muungwana. Aibu ya wizi humwangukia mwizi, haimwangukii aliyeibiwa. Tena kafaa ni haki ya mwanamke na walii wake, wanaweza kuiachilia. Si kizuizi cha kuharamisha ndoa. Mtume (s.a.w.) alimuozesha Zayd (r.a.) kwa Zaynab bint Jahsh (r.a.), binti wa shangazi yake, na alimshauri Fatima bint Qays (r.a.), mwanamke wa Kikureshi, aolewe na Usama bin Zayd (r.a.). Imamu akiletewa neno "aliletwa", na ajibu: "Aliletwa na nani, na kwa haki gani?"

Pili, ni juu ya walaa. Baada ya utumwa kufutwa, katika miji ya mwambao walikuwapo mabwana wa zamani waliodai kuwa mawalii wa ndoa za wanawake waliowaacha huru, na kuwarithi waliokufa bila jamaa. Walikuwapo pia wazee waliokwenda kumlipa bwana wao wa zamani ili wajione wako huru kisheria kabla ya kwenda Hija. Walifanya hivyo kwa uchaji wao, Mwenyezi Mungu awarehemu. Lakini walaa ni tawi la milki, na pasipokuwa na milki hakuna walaa. Mwanamke huyo walii wake ni jamaa yake wa damu, na asipopatikana ni kadhi.

Tatu, ni juu ya elimu. Katika historia yetu wapo walioletwa wakawa viongozi wa dini. Sheikh Yahya bin Abdallah, aliyejulikana kwa jina la Sheikh Ramiya wa Bagamoyo, aliletwa pwani akiwa mtoto mtumwa kutoka Manyema. Alisoma, akawa khalifa wa Qadiriyya na mwalimu wa wanazuoni, na mwaka 1916 akafanywa liwali wa Bagamoyo. Alifariki mwaka 1931. Na kabla yake, katika Madina, Salim (r.a.) aliyeachwa huru katika nyumba ya Abu Hudhayfa aliwaswalisha Muhajirina wa mwanzo huko Quba, kwa kuwa alihifadhi Qur'ani kuliko wao. Aliyeruhusiwa kusimama mbele katika mihrabu hawezi kuwekwa nyuma katika posa.

Nne, ni juu ya ujira. Bonde la Kilombero leo lina mashamba ya mpunga, ya miwa na ya mitiki, na lina vibarua wanaopalilia, wanaokata miwa, wanaopasua mbao na kubeba magogo. Katika wenye mashamba na wenye mbao wamo Waislamu wanaosali safu ya kwanza. Asijidanganye mtu kwamba utumwa ulikwisha mwaka 1922. Anayempa kibarua posho kwa mkopo ili asiweze kuondoka, anayemwambia "njoo wiki ijayo" mpaka akachoka kudai, anayemchukua binti wa kijijini kuwa mtumishi wa nyumbani mjini na kuhesabu chakula chake kuwa ndio mshahara, huyo amesimama mahali pale pale aliposimama mgomvi wa tatu katika hadithi. Mtume (s.a.w.) ameagiza mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka, na aliyekufa bila kulipwa bado anadai kupitia warithi wake.

Tano, ni juu ya minbari. Khutba nyingi hutaja utumwa pale tu zinapojibu tuhuma za wapinzani wa Uislamu, na jawabu huwa kwamba Uislamu uliamrisha kuwaacha watumwa huru. Ni kweli: Qur'ani imeweka kuacha huru katika kafara ya kuua kwa makosa, ya kiapo na ya dhihari, imeweka fungu la zaka kwa ajili ya shingo, na katika Sura An-Nur aya ya 33 imeamrisha kuandikiana mkataba na mtumwa anayetaka kujikomboa na kumsaidia kwa mali. Lakini jawabu hilo halimtoshi mtu ambaye bibi yake alichukuliwa Kilombero. Anayo haki ya kusikia maneno mengine kutoka minbarini: kwamba waliomchukua walivunja sheria ya Mwenyezi Mungu, kwamba sala zao hazikuihalalisha biashara yao, na kwamba yeye si mjukuu wa mtumwa aliyeachwa huru. Ni mjukuu wa muungwana.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (s.w.) awarehemu waliokufa katika njia ya Kilwa na katika njia za wapagazi, ambao majina yao hayakuandikwa popote ila Kwake. Na atujaalie tusiwe miongoni mwa wale atakaogombana nao Siku ya Kiyama.

Wabillahi tawfiq.